Nyumba ya chumba kimoja Mombasa, kodi isizidi 15,000: nianzie wapi na niwe na pesa ngapi mkononi?

mgeni_wa_voi

Salaam ndugu na dada zangu. Nahamia Mombasa kutoka Voi mwanzo wa mwezi wa tatu. Kazi iko Shimanzi, kuingia saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Tuko watatu: mimi, mke wangu na mtoto wa miaka mitatu. Mshahara unaobaki baada ya makato yote ni 48,000.

Natafuta nyumba yenye chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko na choo cha ndani. Mtandaoni naona matangazo mengi, lakini nyumba moja ya Bamburi imewekwa na madalali watatu kwa bei tatu tofauti, na mmoja anataka 1,000 kabla hajanionyesha chochote. Hiyo ni kawaida huko? Mtaa gani unafaa kwa mtu wa Shimanzi? Na mbali na kodi ya mwezi wa kwanza, nijiandae na nini?

mzawa_tudor

Karibu Mombasa. Kabla ya jina la mtaa, jua utavuka wapi. Shimanzi iko kisiwani, jirani na bandari. Wa kaskazini (Kongowea, Kisauni, Bombolulu, Bamburi hadi Mtwapa) wanaingia kwa Daraja la Nyali. Wa magharibi (Changamwe, Mikindani, Jomvu, Miritini) wanapitia Makupa na Kipevu. Wa kusini ni feri ya Likoni. Asubuhi wote wanaelekea kisiwani, jioni wote wanatoka, na vivuko ni hivyo hivyo.

Basi piga hesabu ya kodi na nauli pamoja. Siku za kazi ni 26 kwa mwezi. Tuseme nyumba ya mbali ni 12,000 na nauli ni 120 kwenda, 120 kurudi: hiyo nauli ni 6,240, jumla 18,240. Nyumba ya karibu ni 15,000 na nauli 60 kwa 60: nauli 3,120, jumla 18,120. Zimelingana, ila wa mbali anaamka saa kumi na moja alfajiri. Nauli usiulize mchana, nenda steji saa moja asubuhi usikie makanga wanaita ngapi. Ikinyesha mvua inapanda papo hapo.

Likoni kodi ni nafuu na feri haimtozi anayevuka kwa miguu. Tatizo ni foleni, na feri moja ikiharibika asubuhi umechelewa na huna njia nyingine ya karibu. Ukishavuka bado unahitaji matatu au tuktuk hadi Shimanzi. Kwa mtu wa kuingia saa mbili kamili, mimi singemshauri.

Mtwapa nyumba ni nyingi na mpya, lakini hiyo ni Kaunti ya Kilifi tayari, na foleni ya barabara ile si ya kumpa mtu anayefanya kazi hadi Jumamosi.

Kwa 15,000 ningeanza kisiwani kwenyewe: Tudor, Sparki, Tononoka, Majengo. Utapata ghorofa la zamani, vyumba vidogo, rangi imechoka, lakini uko karibu na kazi. Ukikosa, Mikindani na Changamwe, halafu Kisauni na Bombolulu. Huko pesa hiyo hiyo inakupa nyumba mpya zaidi. Magongo na Changamwe angalia malori ya bandari: nyumba iliyo kando ya barabara kuu ina vumbi na honi usiku kucha, ingia ndani mita mia mbili hivi. Nyali kwa bajeti hiyo, isahau.

Pesa ya kuingia: kwa nyumba ya 15,000 uwe na kodi ya mwezi 15,000, amana 15,000 (wengine wanataka ya miezi miwili), amana ya maji na stima, ada ya kuandika mkataba, na kama umepitia dalali, chake ni kuanzia nusu ya kodi hadi kodi nzima. Ongeza lori na wapakuzi. Ukija na chini ya 45,000 utakwama mlangoni.

fundi_mabomba

Mwenzangu amemaliza nauli, mimi naja na maji. Mji huu kodi haisemi ukweli mpaka ujue maji.

Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji matamu chake yenyewe. Yanatoka Mzima kule Tsavo (wewe wa Voi bomba hilo unalijua, linapita kwenu), Baricho upande wa Kilifi, Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Yakifika mjini ni ya zamu: mtaa huu siku hizi, mtaa ule siku zile. Kwa hivyo usimuulize dalali "kuna maji?" Atakwambia yapo. Muulize hivi: ni ya mfereji au ya kisima? Yanakuja siku gani na saa ngapi? Tangi la juu ni lita ngapi, na linahudumia nyumba ngapi? Pampu inatumia stima ya nani? Na bili inahesabiwaje?

Swali la tangi ndilo watu wanaliruka. Chukua tangi la lita 10,000 kwa nyumba 20. Kila nyumba fungu lake ni lita 500. Ikiwa maji ya mfereji yanakuja mara moja kwa wiki, una lita 71 kwa siku, yaani mitungi mitatu na nusu ya lita 20. Watu watatu, mmoja mtoto anayechafua nguo: hayatoshi. Yanayopungua utanunua kwa mkokoteni. Familia yenu ikibana sana itatumia mitungi minane kwa siku. Ukinunua yote kwa shilingi 20 mtungi, ni 160 kwa siku, 4,800 kwa mwezi. Nyumba ya 13,000 isiyo na maji ni nyumba ya 17,800. Na wiki ambayo mtaa mzima umekauka, mtungi hauuzwi 20.

Ploti nyingi zinatumia kisima, na hapo ujue kama maji ni ya chumvi. Usiulize, jaribu. Nenda na kipande cha sabuni, lowesha mikono kwenye mfereji wa jikoni. Povu likigoma, ni chumvi. Angalia matundu ya shawa na shingo ya mfereji: ukoko mweupe uliojijenga pale unakwambia kila kitu. Maji hayo kuoga na choo yanafaa. Kufua yanamaliza sabuni, maharagwe hayaivi vizuri, na ya kunywa na kupikia utanunua matamu kila siku. Kiangazi yanazidi chumvi, hasa karibu na bahari.

Kama kuna shawa ya umeme, hakikisha ni ile ya maji ya chumvi, ambayo elementi yake imefunikwa. Ya kawaida elementi iko wazi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko matamu, ndiyo sababu mtu anapigwa shoti akigusa mfereji. Waya wa athi (ule unaopeleka umeme ardhini) usipokuwepo, ni hatari kabisa. Ukiwa na shaka mwambie mwenye nyumba aitoe, Mombasa maji ya baridi hayamuui mtu.

Kisima kilichochimbwa karibu na shimo la choo, kimbia. Sehemu kubwa ya mji haina bomba la maji taka, ni mashimo, na ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, uchafu unasafiri chini kwa chini upesi. Hata kikiwa mbali, ya kunywa yachemshe au yatie dawa. Uliza pia shimo likijaa nani analipa lori la kunyonya. Likiwa ni la wapangaji kuchangishana, liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu wakati wa mvua linajaa mara mbili ya kawaida.

Mwisho, nenda kukagua saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa moja jioni, wakati ploti nzima inatumia maji. Fungua mfereji wa jikoni, na ukiwa wazi vuta maji ya choo. Ghorofa ya juu mfereji ukikauka hapo hapo, tangi limekaa chini sana au bomba limeziba. Na kama maji hupandishwa na pampu moja kwa moja bila tangi la juu, stima ikipotea huna hata ya kunawa.

bi_kisauni

Mwanangu, fundi amesema kweli, nami nikuongezee joto, maana watu wa bara mkija mnaangalia vigae na rangi, upepo mnausahau.

Kaskazi huvuma toka kaskazini mashariki, tuseme Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, kuanzia Aprili mpaka kwenye Septemba. Nyumba yenye madirisha mashariki au kusini inapata hewa mwaka mzima. Chumba cha kulala kinachotazama magharibi kinakula jua la alasiri lote. Wewe nenda saa kumi na mbili jioni, weka kiganja kwenye ukuta wa ndani wa upande huo. Ukiwa bado una moto, hamtalala mpaka usiku wa manane. Ghorofa ya mwisho chini ya zege tupu ni vilevile, hata kama wanakupunguzia elfu moja.

Feni ya dari ya wati 75 ikiwaka saa kumi kila usiku ni yuniti 22 na nusu kwa mwezi. Feni mbili, hesabu mwenyewe.

Tazama pia kama madirisha yanatazamana, moja huku na jingine kule, hewa ipite. Siku hizi wanajenga ghorofa mbili zimebanana, dirisha la chumbani linafunguka kwenye kijia chembamba, unaona ukuta wa jirani na hupati chochote.

Unyevu nao. Mvua ya masika ni mwezi wa nne na wa tano, wewe unaingia mwezi wa tatu, kuta zimekauka zinapendeza. Angalia rangi: ikiwa mpya sehemu ya chini tu ya ukuta, kiasi cha goti, wameficha kitu. Fungua kabati, nusa. Angalia dari ya bafu kama ina duara la hudhurungi, maana yake bafu la juu linavuja. Na kwa ajili ya mtoto, pima nafasi kati ya vyuma vya baraza: kichwa chake kikipita, na yeye atapita.

Kama una subira, usilipie nyumba ukiwa Voi. Njoo kwanza peke yako, kodi chumba kwenye nyumba ya Kiswahili mwezi mmoja, Majengo au Kisauni. Ni vyumba huku na huku, ukumbi katikati, choo na jiko uani kwa pamoja. Kodi ni ndogo na wengi hawadai amana kubwa. Jumapili na jioni unatembea mitaani. Wapangaji wanaohama wanatoka kati ya tarehe 25 na tarehe 5, hapo ndipo vibao vya kupangisha vinapobandikwa getini. Muulize mwenye duka, na hasa muulize kijana wa mkokoteni wa maji. Yeye anajua ploti gani anapeleka mitungi kila siku na gani hajawahi kuitwa. Hiyo ya pili ndiyo utakayo.

kivuko_cha_nyali

Hiyo 1,000 ya kuonyeshwa USITOE kabla ya kuona kitu. Dalali ana haki ya kula jasho lake, na ada ndogo ya kuzungushwa watu wanaitoza, lakini mkubaliane nyumba ngapi, mitaa gani, bei gani, na ulipe mkiwa mmeshafika. Komisheni yake unalipa ukiwa umeshatia sahihi na ufunguo uko mkononi. Anayejiita ajenti mwenye ofisi, muombe cheti cha Bodi ya Usajili wa Maajenti wa Nyumba, iko kisheria. Wengi hawana, na hapo unajua unaongea na nani.

Nyumba moja kwa bei tatu maana yake hakuna hata mmoja wao mwenye makubaliano na mwenye nyumba. Wamechukuliana picha. Nenda mwenyewe kwenye ghorofa hilo, mtafute msimamizi wa ploti.

Utapeli unaotumika sana huku pwani: mtu anakodi nyumba yenye samani kwa siku mbili, zile za wageni wa muda mfupi. Ufunguo anao, ni halali. Mchana mmoja anaonyesha watu wanane, kila mmoja anaambiwa "kuna mwingine anakuja saa kumi, weka amana nikushikie". Siku ya tatu nyumba ina mgeni mwingine na simu imezimwa. Dalili zake ni bei ya chini kuliko mtaa, haraka, na pesa kwenda kwenye namba ya mtu.

Kinga yake rahisi: gonga mlango wa jirani, muulize kodi ya ploti hii hulipwa wapi. Ploti ya watu inakuwa na Paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) au akaunti ya benki moja, kila mpangaji anaijua. Ukipewa namba tofauti na ya majirani, ondoka. M-Pesa inakuonyesha jina la mpokeaji. Lisipofanana na jina la kwenye mkataba usitume. Ukishatapeliwa piga ripoti upesi, namba ya tapeli itume kwa SMS kwenda 333, halafu polisi. Lakini pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi.

Pia kuanzia Novemba nyumba za karibu na fuo, Nyali, Bamburi, Shanzu, wenye nyumba wengine wanazigeuza za wageni. Ukipanga huko na mkataba wa mdomo, Desemba unaweza kupewa notisi.

mgeni_wa_voi

Asanteni sana, nimefaidika. Bi Kisauni, shukran mama, hiyo ya nyumba ya Kiswahili nitaifuata.

Nimempata msimamizi wa ploti moja Mikindani kwa simu. Kodi 14,000, amana ya miezi miwili. Maji ya mfereji Jumanne na Ijumaa, na kisima cha akiba. Stima ni mita ndogo ya ploti, yuniti shilingi 30. Anasema mkataba si lazima, risiti inatosha. Na kwamba kuna "ya KRA" (mamlaka ya mapato) 500 kila mwezi juu ya kodi. Nionavyo hiyo 500 haijakaa sawa. Mnasemaje?

hati_na_mihuri

Nianze na hiyo 500. Kodi ya serikali kwenye mapato ya nyumba za makazi ni ya mwenye nyumba. Ni asilimia 7.5 ya kodi anayopokea tangu Januari 2024, kabla ya hapo ilikuwa 10. Analipa yeye, kwa PIN yake, yaani namba yake ya mlipa ushuru. Nyumba ya kuishi haina VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) kwa mpangaji. Akitaka kupandisha kodi iwe 14,500 ni haki yake kusema hivyo, nawe haki yako kukataa, lakini asikuandikie "KRA" kwenye risiti.

Amana ya miezi miwili: kwa nyumba ya bei hiyo sheria haijaweka kikomo, ni mapatano. Omba mwezi mmoja uulipe sasa na wa pili uugawe mara tatu, iandikwe. Ghorofa ambalo limekaa na nyumba tatu tupu litakubali. Hesabu nyumba zisizo na mapazia kabla hujaanza kuongea bei.

Mkataba ni lazima kwako hata kama si lazima kwake. Risiti inaonyesha umelipa, haisemi amana inarudi lini. Usiwe na maneno mengi: majina kamili na namba za vitambulisho, namba ya ploti na ya mlango, kodi na siku ya mwisho ya kulipa, amana ni kiasi gani na inarudi siku ngapi baada ya kutoka, kodi haitapanda kabla ya miezi 12, maji na stima zinahesabiwaje, na nani anatengeneza nini. Hili la mwisho liandike wazi: bomba la ndani ya ukuta, paa, shimo la choo na nyaya ni za mwenye nyumba. Balbu, kitasa ulichovunja na mfereji uliolegea ni zako. Pasipoandikwa, kila kitu ni chako.

Notisi: Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema mpangaji wa mwezi kwa mwezi, upande wowote unaotaka kuvunja unatoa notisi isiyopungua kipindi cha malipo, yaani mwezi mmoja, na imalizike siku ya kodi. Ukitoa tarehe 12 kwa kutoka tarehe 12 utadaiwa mwezi mzima. Itoe kabla ya mwezi kuanza, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyotiwa sahihi.

Mwenye nyumba kukufungia mlango kwa kufuli lake, kung'oa mlango au kukata maji ili utoke si utaratibu wa sheria, hata kama unadaiwa. Deni la kodi lina njia yake.

mtu_wa_likoni

Akikunyima amana mpeleke Mahakama ya Wapangaji. Wanasaidia sana na ni bure karibu.

hati_na_mihuri

Hapana ndugu, hapo watu wengi wanapotelea. Baraza la kodi za makazi chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, sura ya 296, linahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi 2,500 kwa mwezi. Nyumba ya 14,000 haimo. Na lile baraza jingine la sura ya 301 ni la maduka na mahoteli.

Mgeni wetu amana yake aidai Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka ikamilishe kesi ndani ya siku 60. Aanze na barua ya madai akitoa muda, tuseme siku 14. Aambatishe mkataba, risiti za kodi, notisi, na picha za nyumba siku aliyoingia na aliyotoka. Bila hizo picha mwenye nyumba atasema ukuta uliharibu wewe.

fundi_mabomba

Kuhusu hiyo mita ndogo ya 30. Usikatae wala kukubali, linganisha. Muombe jirani mwenye mita ya Kenya Power akuonyeshe SMS ya tokeni ya mwisho, gawanya pesa yote kwa yuniti alizopata, ushuru ukiwa ndani. Hiyo ndiyo bei halisi ya mtaa. Mtumiaji mdogo anauziwa kwa kiwango cha chini kuliko mkubwa, na ploti nzima ikikaa kwenye mita moja inahesabiwa kama mtumiaji mkubwa. Ndiyo sababu mita ndogo mara nyingi ni ghali hata mwenye nyumba asipoweka faida. Kwa familia yenye feni mbili, friji na televisheni, tofauti ya shilingi tano kwa yuniti kwenye yuniti 90 ni 450 kila mwezi.

Kama ungepata nyumba yenye mita yake, chukua namba ya mita, nunua tokeni ya 100 kwa Paybill 888880 kabla ya kulipa amana. Zikirudi yuniti chache kuliko za jirani, huenda kuna deni la mpangaji wa zamani linakatwa kidogo kidogo. Jambo jingine: kiwango unachotozwa kinatokana na wastani wa miezi mitatu iliyopita ya mita hiyo. Aliyekutangulia akiwa alitumia kiyoyozi, miezi ya mwanzo utalipa kwa kiwango chake.

Maji ya Jumanne na Ijumaa ni afadhali, mitaa mingi inatamani hivyo. Hujasema lita za tangi. Na uwe na mapipa mawili ya lita 100 yenye vifuniko vinavyobana, kwa sababu mbu wa dengue anazaa kwenye maji safi ya ndani ya nyumba.

mgeni_wa_voi

Tangi ni lita 10,000, nyumba ni 12. Amekubali amana ya pili kwa mafungu matatu na 500 ameiondoa. Nitakwenda kuiona Jumapili jioni kama Bi Kisauni alivyosema. Swali la mwisho: lori likitoka Voi alasiri litafika usiku. Kuna shida?

kivuko_cha_nyali

Ipo. Ploti nyingi hazifungui geti kwa vyombo baada ya saa kumi na mbili jioni, wanaogopa wanaohama na deni. Ondoka Voi alfajiri. Mwambie msimamizi amwandikie mlinzi namba ya gari na siku, usitegemee simu. Wapakuzi elewana nao bei kwa ghorofa kabla kamba haijafunguliwa.

fundi_mabomba

Lita 10,000 kwa 12 ni 833 kila nyumba, mara mbili kwa wiki. Mnaweza kuishi.

Siku ya kuingia, kabla ya kushusha kitanda: piga picha kila ukuta, mita ya stima na mita ya maji zikiwa na namba zinasomeka, uzitume WhatsApp kwa msimamizi hapo hapo ili tarehe ibaki. Kisha funga mifereji yote na utazame mita ya maji kwa dakika kumi. Ikizunguka, kuna pahali panavuja, mara nyingi ni boya la tangi la choo. Mwite msimamizi aione kabla hajaondoka, na namba ya kuanzia bili iandikwe baada ya kutengenezwa.